Bwawa la Tatu

Kiwandani wananiita Mama Tope, na sijawahi kumpa mtu ruhusa. Jina lilianzia kwa madereva wa malori, likapanda ghorofani kwa makarani, mpaka siku moja Meneja mwenyewe akaliropoka mbele ya wageni kisha akajifanya anakohoa. Kazi yangu ni maji machafu. Tunatengeneza dawa za vidonge, na kila dawa inapobadilishwa huoshwa mapipa, mashine na sakafu, na yote hayo huteremka kwangu kwa bomba, nyuma ya ghala. Yanafika yana rangi ya uji ulioungua na harufu ya chaki iliyolowekwa kwenye siki. Mimi nayapokea, nayasafisha, nayaachia yaende zake. Hakuna anayetaka kujua zaidi ya hapo, nami si mtu wa kumbembeleza mtu ajue.

Zamani tulitumia shabu, hii hii ya vinyozi, kwa magunia. Shabu inafanya kazi, sikatai, lakini iliacha tope zito ambalo hatukuwa na pa kulipeleka. Nikapendekeza mbegu za mlonge. Meneja alicheka mpaka miwani ikamteleza.

"Mlonge si mboga?"

"Majani ndiyo mboga. Mbegu zina kazi nyingine."

Nikampangia bilauri za kioo mezani, juu ya makaratasi yake, zote zimejaa maji yetu machafu. Kila moja nikaitilia unga wa mbegu kwa kipimo chake, nikakoroga kwa kasi, kisha taratibu, kisha nikaacha. Tukatazama. Katika bilauri mojawapo uchafu ulianza kushikana, chembe ikaifuata chembe, yakawa mabonge mepesi kama maziwa yaliyokatika, yakazama polepole hadi chini. Juu yakabaki maji ambayo ungeweza kupitisha macho ndani yake ukasoma gazeti upande wa pili. Meneja alinyamaza. Ni mtu mzuri sana akinyamaza.

Ujuzi wenyewe niliutoa kwa mama. Tulikokulia, maji ya mto yalikuwa ya kahawia mwaka mzima. Mama alikuwa akibangua mbegu za mlonge, anazitwanga, anakoroga unga wake kwenye ndoo, anafunika na kusubiri. Kanuni ilikuwa moja, na kila mwanamke wa rika lake aliijua kama anavyojua kuwasha moto: yakishakuwa meupe, kunywa. Kwa hiyo kiwanda kilipokubali mbegu, nilimtafutia mama kazi ya kututwangia. Alitwanga uani kwetu, akapeta, akachekecha, na maganda yakapelekwa na upepo mtaa mzima hadi getini kwa kiwanda. Alijivuna sana. Aliwaambia watu kwamba kiwanda kizima, pamoja na wasomi wake, kimekuja kupiga magoti kwenye kinu chake.

Mabwawa yangu ni matatu. La kwanza tunachanganya, la pili uchafu unazama, la tatu ni la maji meupe. Kutoka hapo yalipaswa kupita kwenye chujio la mkaa, kwa sababu mlonge unaondoa kinachoonekana tu. Dawa iliyoyeyuka haionekani, na mlonge hauigusi. Hiyo ni kazi ya mkaa. Nilisema hivyo kwenye kila kikao mpaka nikachoka kusikia sauti yangu. Mkaa wa zamani ulipoisha nguvu, Meneja alikuja kusimama kando ya bwawa la tatu, akaona mawingu yanavyoelea ndani yake, akasema, "Dada, maji yanang'aa hivi, haraka ya mkaa ni ya nini?" Mkaa mpya ukaahirishwa. Badala yake akatoboa ukuta, akapitisha bomba la kumwagilia miti ya barabarani, na juu yake kibao: MAJI YA BUSTANI. Nilikubali kwa shingo upande. Msimu huo huo kiwanda kilianza dawa mpya, vidonge vidogo vyeupe vya kutuliza, kwa watu wanaokosa usingizi kwa mawazo.

Nyumbani tulikuwa watatu: mama, mimi niliyeachika nikarudi na sanduku langu, na Wifi, mjane wa kaka yangu. Wifi ana ulimi wa upanga. Nikivaa gauni jipya ananiuliza kama ni pazia la kiwandani, nami namjibu kwamba ni afadhali pazia kuliko gunia. Ndivyo tunavyopendana.

Kaka alikuwa fundi wa umeme. Aliteleza juu ya nguzo mchana kweupe, na mama alikuwa amesimama chini na chakula chake mkononi. Alimwona akianguka, tangu juu mpaka chini. Tangu siku hiyo mama alilia kila asubuhi, na hakulia kwa kujificha. Alilia kwa sauti, akimwita kwa jina lake la utotoni, hadi majirani wanafunga madirisha. Wifi alikuwa akichukua ndoo na kwenda bombani. Mimi nilikuwa nikifika kazini kabla ya mlinzi wa zamu.

Kisha akaacha. Asubuhi moja niliamka nikangoja kilio kianze, hakikuanza, nikatoka mbio nikidhani amekufa. Nilimkuta uani, kinu mbele yake, anatwanga na kutabasamu, na hapakuwa na mtu wa kutabasamiwa.

"Umeamka, mwanangu? Chai iko tayari."

"Mama, umelalaje?"

"Vizuri tu. Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo."

Majirani walimshukuru Mungu. Nami nilishukuru.

Wifi hakushukuru. Alinivuta nyuma ya choo, mahali petu pa kusengenyea watu.

"Wifi, mama yako ana nini?"

"Ana amani."

"Amani gani ya kugawa nguo za mume wangu bila kuniuliza? Jana kampa muuza chupa lile shati la bluu. Nikamwambia, mama, hilo ni la mwanao. Akaniuliza, mwanangu yupi?"

"Amezeeka, anasahau."

"Hajasahau! Baadaye alimkumbuka vizuri, akamtaja kwa jina. Alimtaja kama anavyotaja sufuria. Mimi bado nalia, Wifi. Yeye ndiye aliyemzaa."

Nikamwambia aache uchuro. Lakini na mimi nilikuwa na langu ambalo sikumwambia. Siku za kazi nilikunywa chai ya kantini na maji ya chupa ya maabara, nikabaki mimi yule yule, mgomvi. Jumapili nilishinda nyumbani nikinywa maji ya mtungi aliyojaza mama, na ikifika alasiri nilikuwa mtu mwema. Wifi alileta utani wake wa pazia, nikacheka tu. Nilimkumbuka kaka, na moyo haukuniuma; ulikaa kama paka juani. Nilipenda. Nilipenda sana, nikadhani ndiko kupona kwenyewe. Wifi peke yake hakuugusa mtungi ule. Tangu alipougua tumbo aliteka maji yake mwenyewe ya bomba la mtaa, akayachemsha, akayafungia kwenye chupa yake ya chai, na ole wako uiguse.

Basi mtaa wetu ukaanza kunitia hofu. Kuku hawakukimbia tena, ilibidi uwaruke. Mbwa wa mwenye bucha alilala katikati ya njia, anawaangalia watu wakimkanyaga mkia bila kunyanyua kichwa. Watoto walikaa uwanjani wameuzunguka mpira, na hakuna aliyeupiga. Mume na mke wa nyumba ya pembeni, ambao ugomvi wao ulikuwa saa yetu ya kujua jioni imefika, walikaa kibarazani wakitazama barabara, mikono juu ya magoti. Nilipita kwa fundi nguo, cherehani inanguruma kama kawaida, nikaona kitambaa kimelowa damu. Sindano ilikuwa imempita kwenye kidole naye bado anasukuma.

"Fundi! Kidole!"

Akakitazama. "Ah, kweli," akasema. "Ahsante, mama." Akaendelea kushona.

Jioni ile ile mama aliinua sufuria ya uji kutoka motoni kwa mikono mitupu. Nilisikia harufu ya ngozi ikiungua kabla sijaona. Niliita, akageuka na sufuria yake mikononi, taratibu, akaniuliza nataka nini. Nilimpokonya kwa upande wa kanga. Viganja vilikuwa vimebabuka vyote viwili. Nilimpaka dawa, nikamfunga vitambaa, naye akanipangusa machozi kwa kifundo cha mkono.

"Usilie," alisema. "Haiumi."

Usingizi ulinipaa. Mwaka mzima niliogopa kwamba huzuni itamuua mama. Sasa nilimwona akiuendea moto, kisima na barabara kwa tabasamu lile lile, na hakuna kitu ndani yake cha kumwambia simama. Nilitaka mama yangu abaki hai, basi, na sikujua nipigane na nani.

Aliyetangulia kufa alikuwa fundi viatu, mzee aliyekaa na kigoda chake chini ya mteremko wa ghala letu. Lori la kiwanda lilikatika breki. Dereva alinisimulia akiwa amekaa chini kwenye vumbi, midomo imemkauka.

"Nilipiga honi, Mama Tope. Mlinzi alipiga kelele. Mzee akaniona kabisa, macho kwa macho. Akavisogeza viatu vya watu pembeni, kimoja kimoja, visikanyagwe. Yeye akabaki."

Tulikwenda msibani. Nimekwenda misiba mingi, ya vilio vya kweli na ya vilio vya kuazima, lakini sijawahi kuingia msibani nikasikia inzi. Watu walijaa uani, na inzi ndio waliosikika. Mjane aliketi mkekani akituuliza mmoja mmoja kama tumekula. Dereva peke yake alilia, kwikwi zinampanda, na watu walimtazama kwa adabu kama mtu aliyeshikwa na chafya. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mimi niliusubiri mshindo ule.

Binti mmoja akapita na jagi. Akanimiminia bilauri, nami nikaipeleka mdomoni bila kufikiri, kisha mkono ukagoma wenyewe. Bomba la mtaa wetu linatoa maji ya rangi ya chai ya mgonjwa. Haya yalikuwa meupe pe, kiasi kwamba bilauri ilionekana tupu. Nimeyatazama maji hayo kila siku ya kazi. Nayajua kama mtu anavyojua mwandiko wake.

"Haya mmeyatoa wapi?"

"Ukutani kwenu," akasema binti.

"Yale ni ya bustani! Hamkuona kibao?"

Mjane alitabasamu. "Kibao tulikiona. Lakini tuliona na maganda ya mlonge getini, mama yako akatuhakikishia. Maji yakipita kwenye mlonge yakawa meupe, yananyweka. Si tumekulia hayo?"

Nikageuka. Mama alikuwa nyuma yangu, mikono imefungwa vitambaa, bilauri ameibana kati ya vifundo.

"Niliyaanza mimi," alisema. "Bomba la mtaa lina foleni, na haya yanamwagwa kwenye miti tu. Nikasema, maji ya mwanangu, niyaache yapotee?"

Wanawake wote waliokuwa mkekani wakaitikia kwa kichwa, wakanywa. Nilimpokonya binti jagi nikalitupa ukutani. Hakuna aliyeshtuka. Walivuta miguu isilowe, na binti akainama, akaliokota, akaenda kulijaza tena.

Nilipanda ghorofani kwa Meneja bila kubisha hodi.

"Watu wanakunywa bwawa la tatu!"

"Matamu, eh?" alisema. Juu ya meza yake palikuwa na jagi. Sikuliona jagi lile mara moja, niliona tu ndimu ikielea katikati ya hewa. "Siku hizi nawapa hata wageni. Wakiona nakunywa, hawana swali jingine."

"Dawa yote ya kutuliza imo humo. Mlonge hauitoi, nilikwambia. Simamisha mashine ya vidonge vile mpaka mkaa uje."

"Tutalizungumza."

"Mtu amekufa, Meneja!"

"Ndiyo. Inasikitisha."

Alisema inasikitisha kama mtu anayesoma neno kwenye kopo. Nilimtukana. Nilimtukana matusi ambayo sitayarudia hapa, yeye na ukoo wake na miwani yake, nikitafuta usoni mwake mtu wa kugombana naye. Zamani angepiga meza, angenifukuza kazi, kesho yake angenirudisha. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akanisogezea kiti.

"Fanya unavyoona inafaa," alisema. "Unywe maji kidogo, umechoka."

Nikashuka. Nililifunga bomba la ukutani kwa mnyororo na kufuli. Asubuhi nikawakuta wamezunguka nyuma, kwenye mtaro yanakotokea maji ya bwawa kwenda mtoni, wameingia hadi magotini na ndoo zao. Niliwaambia mmoja mmoja. Nilimwambia fundi nguo, nikamwambia mwenye bucha, nikamwambia yule mke wa nyumba ya pembeni. Yana dawa, yatawaua.

"Sawa, mama, tumesikia," walisema, na waliendelea kuteka. Kumgombeza mtu anayekukubalia ni kazi nzito kuliko kusukuma lori. Nilipayuka mpaka sauti ikakauka, nao wakanitazama kwa huruma, na mtu mmoja akanishika bega akaniuliza kama nyumbani ni wazima.

Nilikaa ukingoni mwa bwawa la tatu nikaliangalia. Uso wangu ulikuwa ndani yake, hakuna hata kasoro. Maji yale yangeteremka yakiwa na rangi na harufu yalizokuja nazo, mbwa asingeyanusa mara mbili. Kilichowaita watu ni weupe wake, na weupe huo niliutengeneza mimi, kwa mbegu za mama.

Nikaufunga mlango wa mtaro ili uchafu usiende mtoni. Nikasimama kwenye bwawa la kwanza, gunia la unga miguuni, nikaacha maji yapite kama yalivyokuja. Niliona rangi ya uji ikiingia bwawa la pili, ikakaa kidogo kama mgeni mlangoni, kisha ikamwagikia la tatu. Mawingu yalipotea humo moja moja. Nililipenda bwawa lile. Wengine wana watoto, mimi nilikuwa na bwawa, na nililia nikiliangalia likiharibika kwa mkono wangu. Kisha nikafungua kufuli la bomba la ukutani, watu waone wenyewe.

Walikuja. Bomba likatema maji ya kahawia yanayonuka, nao wakasimama na ndoo zao, wamejipanga vizuri, hakuna anayesukuma. Hawakulalamika, walisubiri tu. Jua lilipanda likaanza kushuka, na bado wamesimama, wanatazama mdomo wa bomba na nyuso zao nzuri zilizotulia, na mimi ndani ya geti nawaangalia kwenye tundu la mlinzi. Mwishowe mmoja akageuza ndoo yake kichwa chini, akaondoka, na wengine wakamfuata. Nilimtafuta mama katikati yao, sikumwona. Nikashukuru, nikadhani amebaki nyumbani.

Nyumbani ndiko alikokuwa, kweli. Uani palijaa mabeseni: la kufulia, la kuoshea vyombo, lile la bati la kaka la kuogea akiwa mtoto. Yote yamejaa maji ya kahawia. Mama alikuwa amewahi bombani kabla ya wote, mimi nikiwa bado sijafika getini, akayabeba safari baada ya safari, na sasa ameketi katikati yake na mwiko mrefu, anakoroga. Kwanza kwa kasi, kisha taratibu. Vitambaa vya mikononi vilikuwa vimeloa, vyekundu, kwa kutwanga.

"Umekuja wakati mzuri," alisema. "Leo kwenu hamkuyakoroga sawasawa. Nikasema, nitawamalizia."

Katika beseni la kwanza mabonge yalikuwa yameshaanza kuzama. Juu yake paliingia anga, bluu, safi, na ukingo wa paa la jikoni.

"Mama, acha. Maji haya yana dawa. Ndiyo yanayokufanya usisikie kitu."

"Najua."

Nilidhani sikumsikia vizuri. "Unajua?"

"Mimi si mjinga, mwanangu." Mwiko haukusimama. "Siku ya kwanza nilipoyanywa, nilimwona kaka yako akianguka, kama kila siku. Siku iliyofuata akaanguka polepole. Nikaongeza kikombe. Sasa haanguki. Namwona yuko juu ya nguzo, ananiangalia, ananipungia mkono. Yuko pale hata sasa."

Akanyanyua kidevu kuelekea juu ya paa la jikoni, na Mungu anisamehe, niligeuka kutazama.

"Ukiyamwaga," alisema kwa upole, "ataanguka."

Hasira zangu zote, ambazo hazijanikimbia tangu nizaliwe, zilinikimbia saa ile. Nikachutama kando ya beseni. Ningeweza kunyamaza. Ningeweza kuchukua kikombe nikae naye, nimtazame kaka pamoja naye, kwa kuwa ladha ya amani ile niliijua na Jumapili nilikuwa nikiingojea. Wifi alikuwa amesimama mlango wa jikoni, mkono mdomoni, amesikia kila neno. Na yeye macho yake yalikuwa juu ya paa.

Kisha tone likadondoka kutoka kwenye kitambaa cha mama, likaingia beseni, likatanuka. Alikuwa anavuja damu, naye anakoroga. Nililishika beseni lile nikalipindua. Nikapindua la pili. Mama hakunizuia, alinyanyua mwiko ili nisiupige, akanifuatisha kwa macho kama mtu anayemtazama mtoto akicheza. La kuogea la bati lilikuwa zito, halikunyanyuka. Wifi alikuja akashika upande wa pili, tukalimwaga pamoja, na uani pote pakawa matope. Unga uliobaki kwenye kinu Wifi aliufunga kwenye kanga akauficha nisipopajua hata mimi.

Mama aliangalia ardhi ikinywa.

"Basi kaeni hapa," alisema. "Zamani nikianza kulia, mlikuwa mnatoka."

Tulimkalisha mkekani, tukakaa, mmoja huku na mmoja huku. Wifi alimnywesha maji yake ya chupa ya chai, kifuniko kwa kifuniko. Kazini sikwenda kesho yake, wala sikutuma salamu. Mtaani tulisikia mtoto akianza kulia, kisha mlango ukabamizwa, kisha mtu akaita jina la fundi viatu kwa sauti iliyotutoa jasho, na hatukunyanyuka kwenda kuona. Mama hakuyasikia hayo. Kichwa chake kilikuwa kimeinuliwa, macho juu ya paa la jikoni, anatabasamu kidogo, mara nyingine anapunga.

Jua lilipofika utosini mkono wake ulishuka. Tabasamu lilikaa kidogo, halafu likatoka. Pumzi yake ikabadilika. Nikayaona macho yake yanaanza kuteremka kutoka juu ya paa, polepole, yakapita ukingo wa bati, yakapita dirisha, kisha yakaongeza kasi.

"Mwanangu," alisema. "Mwanangu, shika!"

Macho yakafika chini. Mama akapiga yowe, akavikunja viganja vyake vilivyoungua kifuani, na maumivu yote yakamwingia kwa mkupuo mmoja, ya mikono na ya mwanawe. Wifi alimkumbatia huku, mimi nikamkumbatia kule. Alilia mpaka madirisha ya majirani yakafunguliwa, nasi tukalia naye, na hakuna kati yetu aliyetoka.